Makaa chumbani: gesi inayoua ni moto ulioishia njiani

MIEZI ya Juni, Julai na Agosti huwa mizito kwa wakazi wa Sotik na sehemu zote za Bomet na Kericho zinazokuza chai. Mvua hunyesha alasiri, ukungu hushuka juu ya mashamba kabla ya jua kutua, na mchumaji majani aliyeshinda na aproni iliyolowa hurejea nyumbani akitetemeka. Chakula kikishaiva, jiko la makaa lililokuwa nje au barazani huinuliwa kwa kitambaa na kuingizwa chumbani. Halina moshi tena. Makaa yamekuwa mekundu, chumba kinapata joto, watoto wanalala. Mlango hufungwa, na mara nyingi gunia au shuka kuukuu husukumwa chini yake ili upepo usipenye.

Karibu kila msimu wa baridi magazeti ya nchi hii huchapisha habari za watu waliokutwa wamefariki ndani ya nyumba iliyofungwa, jiko likiwa kando ya kitanda. Wengine ni wanafunzi waliopanga chumba, wengine ni mume, mke na mtoto mchanga. Hakuna jeraha wala dalili ya kupigana. Mara nyingine sufuria ya chakula cha usiku iko pale pale, na majirani huanza kunong'ona kwamba chakula kilitiwa sumu.

Watu wengi sasa wamesikia kwamba jiko chumbani ni hatari. Hata hivyo, ukiwauliza hatari yenyewe ni nini watakujibu kuwa ni moshi. Na kwa kuwa moshi hawauoni, basi hujiona wako salama. Kwa hivyo leo tutalieleza jambo hili kuanzia mwanzo, yaani kuanzia joto lenyewe: linatoka wapi, na kwa nini lisipotoka lote huacha sumu nyuma yake. Msomaji aliyesoma kemia katika shule ya sekondari avumilie kidogo. Huenda akakumbuka jambo alilolikariri kwa ajili ya mtihani tu.

JOTO LATOKA WAPI?

Tuanzie kiwandani, kwa kuwa wakazi wengi wa Sotik wanakujua huko. Majani chai yakishanyauka husagwa, kisha huachwa hewani kwa muda wa saa moja hivi au zaidi hadi yabadilike kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Hatua hiyo huitwa kuchacha, ingawa hakuna hamira wala pombe hapo: ni kemikali zilizomo ndani ya jani zinazoungana na oksijeni ya hewa. Mtu akitia mkono ndani ya rundo hilo atahisi vuguvugu, na hakuna aliyewasha moto. Joto hilo limetokana na muungano wenyewe. Likiachwa lipande mno chai huharibika, ndiyo sababu majani hayo hupulizwa hewa baridi yenye unyevu.

Mabadiliko ya aina hii, ambapo vitu huungana au huachana na kuwa vitu vingine, wanakemia huyaita mmenyuko. Ndani ya kila kitu chembe ndogo, yaani atomu, zimeshikana. Kuziachanisha kunahitaji nguvu, na zinaposhikana upya hutoa nguvu. Mwishowe hesabu hufungwa: nguvu iliyotolewa ikizidi ile iliyotumika, ziada hutoka kama joto na mwanga. Ikipungua, mmenyuko hunyonya joto kutoka kwa vitu vilivyo karibu. Ndiyo maana makaa hayajiwashi yenyewe ndani ya gunia. Ni lazima kwanza yapewe nguvu kidogo, ya kibiriti na vijiti au mafuta taa, ili mshikamano wa mwanzo uvunjike. Baada ya hapo moto hujilisha wenyewe.

Makaa ni kaboni kwa sehemu kubwa. Kaboni ikikutana na oksijeni ya kutosha, kila atomu ya kaboni hushikana na atomu mbili za oksijeni na kuwa kaboni dayoksaidi, gesi ile ile tunayoitoa tunapopumua. Kilo moja ya kaboni ikiungua hivyo kikamilifu hutoa takriban kilojuli 33,000 za joto. Ili msomaji apate picha, kuchemsha lita moja ya maji hapa nyanda za juu, ambako maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, huhitaji kilojuli zipatazo 300. Kwa hesabu ya karatasini, basi, kilo moja ya kaboni ingechemsha lita 100 za maji. Mama yeyote atacheka akisikia hivyo, kwani kilo ya makaa haimfikishi huko hata kidogo. Joto jingi hupotelea hewani na kwenye bati la jiko. Lakini ipo sehemu nyingine ambayo haikupotea popote. Haikutoka kabisa.

SAFARI ILIYOKATIKA

Oksijeni isipotosha, atomu ya kaboni huambulia atomu moja tu ya oksijeni badala ya mbili. Gesi inayopatikana ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho. Na kilo ile ile ya kaboni ikiishia hapo hutoa kilojuli 9,200 hivi tu. Zile nyingine, zaidi ya 23,000, zimebaki ndani ya gesi hiyo zikisubiri atomu ya pili.

Mwaka 1840 mwanakemia Germain Hess, mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi St Petersburg nchini Urusi, alitangaza kanuni ambayo bado hufundishwa shuleni: kwamba jumla ya joto la mmenyuko haitegemei hatua zilizopitiwa, bali mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia. Msafiri akipanda matatu kutoka Kericho hadi Sotik moja kwa moja, au akiteremka Litein akanywa chai, kisha akapanda nyingine hadi Kapkatet na kumalizia Sotik, mwishoni atakuwa ameshuka kimo kile kile. Kaboni nayo ni vivyo hivyo. Inaweza kuungua kwa hatua moja au kwa mbili, na jumla ni ile ile. Kaboni monoksaidi ni msafiri aliyeteremshwa njiani, mteremko ukiwa umekwisha zaidi ya robo kidogo tu.

Hili ndilo ningependa msomaji alishike. Tumezoea kufikiri kuwa joto ni faida ya jiko na sumu ni taka yake, kama jivu. Kumbe sumu hiyo ni makaa yaliyonunuliwa kwa pesa ambayo hayajamaliza kuungua. Anayeziba mlango ili joto lisitoke anazuia oksijeni isiingie, na jiko lake huanza kutoa joto dogo na gesi nyingi. Anapata hasara mara mbili.

Uthibitisho wa jambo hili huonekana kwa macho. Jiko likiwa limekolea mahali penye hewa, utaona ndimi ndogo za rangi ya samawati zikicheza juu ya makaa. Hiyo ni kaboni monoksaidi inayoungua. Imetoka katikati ya rundo, ambako oksijeni ni haba, na ilipofika juu ikiwa bado ya moto sana ikakutana na hewa safi, ikamalizia safari. Ndimi hizo zikizimika, makaa yakabaki mekundu na kuanza kuvaa jivu, wengi husema sasa jiko limeiva, liingizwe ndani. Gesi bado inatoka. Kilichokoma ni kule kuungua kwake, kwa kuwa juu ya makaa hapana tena joto la kutosha kuiwasha. Jiko lililotulia, lisilo na moshi wala ndimi, ndilo linalolala na watu.

NDANI YA DAMU

Mwili wa binadamu nao ni jiko. Jambo hilo lilipimwa Ufaransa zaidi ya miaka 200 iliyopita, pale Antoine Lavoisier na mwenzake Pierre-Simon Laplace walipomweka mnyama mdogo aitwaye simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Walipima barafu iliyoyeyushwa na joto la mwili wake, wakalinganisha na ile iliyoyeyushwa na makaa yanayoungua. Mwaka 1783 walitangaza kuwa kupumua ni kuungua polepole. Ugali na maziwa tunayokula huungana na oksijeni ndani ya mwili, hatua kwa hatua, bila mwali, na joto linalotoka hutuweka katika nyuzi 37 hata usiku wa Julai. Mtu mzima aliyelala hutoa joto linalokaribia lile la balbu ya zamani ya wati 75.

Moto huo wa ndani unahitaji oksijeni kila dakika, nayo hubebwa kwenye damu na himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Hapa ndipo kaboni monoksaidi inapofanya uharibifu wake. Himoglobini huishika gesi hii kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoishikia oksijeni. Kiti kilichowekewa oksijeni hukaliwa na mgeni, na mgeni huyo haondoki upesi.

Tuseme hewa ya chumba ina sehemu moja tu ya kaboni monoksaidi katika kila sehemu 1,000. Oksijeni katika hewa hiyo ni sehemu 210 hivi. Mtu angedhani 210 zitaishinda moja. Lakini kwa kuwa ile moja hushikwa kwa nguvu zaidi ya mara 200, zinatoka sare, na mtu akiivuta hewa hiyo kwa saa kadhaa karibu nusu ya damu yake huwa haibebi oksijeni tena. Nusu hiyo ni ya kufisha. Ubongo na moyo, ambavyo vinahitaji oksijeni kuliko viungo vingine, ndivyo huathirika kwanza.

Na je, ni makaa kiasi gani yanayoweza kutia sumu hewa ya chumba kwa kiwango hicho? Tuchukue chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye kimo cha futi nane, kama vile vinavyopangishwa sokoni. Kikiwa kimezibwa kabisa, kaboni ya gramu kama kumi tu ikigeuka kuwa kaboni monoksaidi inatosha. Hiyo ni uzito wa vijiko viwili vya sukari. Jiko lililojazwa lina makaa ya kilo moja hivi, yaani mara mia ya kiasi hicho. Ni kweli kwamba nyumba nyingi hazikuzibwa kabisa, na upenyo huo ndio umewaokoa wengi bila wao kujua.

Hapo pana jambo la kutafakari kuhusu nyumba zetu. Kogo aliyezaliwa katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi atakwambia kuwa walilala na moto usiku kucha, na hakufa mtu. Anasema kweli. Paa la nyasi huvuja hewa kila mahali, na moshi ulipenya ukatoka, ingawa macho na vifua viliumia. Mjukuu wake amejenga nyumba ya mawe, akaweka dari, dirisha la kioo na mlango wa chuma unaofunga sawasawa. Desturi imebaki ile ile, lakini nyumba imebadilika.

Mwanasayansi wa Uskoti John Scott Haldane alijivutisha gesi hii mwenyewe katika miaka ya 1890 na kuandika alivyojisikia, kazi ambayo sidhani bodi yoyote ya hospitali ingeiruhusu leo. Aliwashauri wachimba migodi ya makaa ya mawe wabebe wanyama wadogo, ambao hupumua haraka na hivyo huzidiwa mapema kuliko binadamu. Hapo ndipo ndege kanari walipoanza kushushwa migodini Uingereza, desturi iliyoendelea hadi mwaka 1986.

SI MALARIA, SI MAFUA

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kulegea miguu. Katika sehemu hizi mtu mwenye dalili hizo hufikiria malaria kwanza, na watu huwa na dawa kabatini. Tofauti zipo. Gesi hii haileti homa. Huwashika watu wa nyumba moja kwa pamoja, wakati malaria humchagua mmoja leo na mwingine juma lijalo. Na mgonjwa hupata nafuu akitoka nje au akienda kazini, kisha huanza tena akirudi nyumbani jioni. Familia nzima ikiamka na vichwa vinavyogonga baada ya usiku wa baridi, ulizeni jiko lililala wapi.

Kinachofuata ndicho cha hatari. Akili huchanganyikiwa kabla mtu hajaelewa kuwa yuko hatarini, na miguu hukataa. Wapo walioponea chupuchupu waliosimulia kwamba walitambua wanakufa lakini hawakuweza kunyanyuka kufungua mlango. Aliyelala usingizi mzito huenda asiamke kabisa. Mama mjamzito yuko katika hatari ya pekee, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu zaidi na kuiachilia polepole. Mama anaweza kupona na mtoto akafa.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, vuta pumzi ukiwa nje, kisha ingia umtoe haraka. Usikae ndani ukimwita jina. Wapo waokoaji walioanguka karibu na waliokuja kuwaokoa. Mlaze mgonjwa kwa ubavu akiwa nje penye hewa, na kama hapumui na unajua namna ya kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua, fanya hivyo huku gari likitafutwa.

Usimpe maziwa. Imani kwamba maziwa huondoa kila sumu imeenea sana, na katika nchi ya mursik haishangazi. Lakini sumu hii haikupitia tumboni. Imepitia mapafuni na iko ndani ya damu, na maziwa anayonyweshwa mtu asiyejitambua yanaweza kuingia kwenye mapafu na kummaliza.

Dawa yake ni oksijeni. Mtu akipumua hewa ya kawaida, damu yake huchukua saa nne hadi sita kupunguza gesi hiyo kwa nusu. Akiwekewa oksijeni safi kwa barakoa, muda huo hupungua hadi saa moja au saa moja na nusu. Kwa hivyo apelekwe hospitali iliyo karibu, iwe Kaplong, Kapkatet au Longisa, na anayempeleka amwambie daktari waziwazi kuwa palikuwa na jiko chumbani. Neno hilo lina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole kupima oksijeni mara nyingi hudanganyika, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hii. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliye katika hatari ya kufa. Hata aliyepona arudi kwa daktari akiona mabadiliko katika siku au majuma yanayofuata, kama vile kusahausahau, kubadilika tabia au kutetemeka, kwani madhara ya ubongo huweza kuchelewa.

BESENI LA MAJI

Wasomaji wengine huamini kuwa beseni la maji likiwekwa kando ya jiko litanyonya sumu. Maji hayafanyi hivyo. Kaboni monoksaidi haiyeyuki katika maji ila kwa kiasi kidogo mno, na asubuhi beseni litakuwa na maji yake na chumba kitakuwa na gesi yake. Wengine husema gesi hukaa chini, hivyo anayelala kitandani ni salama kuliko aliye sakafuni. Uzito wa gesi hii unakaribia kabisa ule wa hewa. Huenea chumba kizima.

Kulimwagia jiko maji likiwa chumbani nako si suluhisho. Mbali na kupasua udongo wa jiko, mvuke unaokutana na kaboni nyekundu huleta mmenyuko mwingine, huu ukiwa wa kunyonya joto, na kinachotoka ni haidrojeni pamoja na kaboni monoksaidi ile ile. Makaa hupoa upesi, lakini kwa muda mfupi unaongeza gesi uliyotaka kuikimbia. Litoe jiko nje kwanza, ndipo ulizime, na kwa mchanga au jivu ikiwezekana. Na lisirudishwe kwa sababu limevaa jivu. Chini ya jivu makaa huendelea kuungua kwa oksijeni kidogo, jambo ambalo msomaji sasa anajua maana yake.

Dirisha lililo wazi husaidia unapopika. Halitoshi kumlinda mtu aliyelala, kwa sababu upepo hubadilika, na usiku wa manane mtu anayehisi baridi huamka akalifunga.

Majiko yaliyoboreshwa, kama lile la bati lenye udongo ndani lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, yanastahili sifa kwa kupunguza makaa yanayotumika. Udongo ule huzuia joto lisipotelee kwenye bati. Lakini jiko bora bado ni jiko la makaa, na kibandiko chochote cha dukani kinachosema linaokoa makaa hakikusema linaweza kulala chumbani.

KUNI MBICHI

Nyumba nyingi za mashambani hazitumii makaa kila siku. Hupika kwa kuni, hasa mikaratusi na matawi ya michai iliyopogolewa. Kanuni ni ile ile. Kuni iliyokatwa leo inaweza kuwa nusu maji kwa uzito, na kila kilo ya maji hunyonya zaidi ya kilojuli 2,200 ili igeuke mvuke. Joto hilo hutolewa moto. Moto uliopozwa hivyo hauwezi kumaliza kazi yake, na ule moshi mzito unaomtoa mama machozi ni kuni ambayo haikuungua. Viwanda vya chai vinaijua hesabu hii vizuri, ndiyo maana magogo yao hupangwa na kuachwa miezi mingi yakauke kabla ya kutiwa kwenye tanuri la mvuke. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto walio chini ya miaka mitano. Kibanda kidogo cha kukaushia kuni kingefaa kila boma.

JOTO BILA MOTO

Sasa tufanyeje na baridi? Mtu hawezi kuambiwa tu aache jiko nje kisha atetemeke na watoto wake.

Kwanza, kumbuka zile wati 75. Blanketi halina joto lake. Kazi yake ni kuzuia lile unalolitengeneza mwenyewe lisikukimbie. Mablanketi mawili mepesi yenye hewa katikati hushinda moja zito la bei ile ile, na kitu kilichotandikwa chini ya godoro, hata makatoni makavu au gunia lililojazwa nyasi, huzuia sakafu ya simiti isinyonye joto usiku kucha. Soksi na kofia humsaidia mtoto kuliko wengi wanavyodhani. Na mtu asilale na njaa, kwa kuwa chakula ndicho kuni za jiko hili.

Pili, joto linaweza kuingia ndani huku moto ukibaki nje. Maji ni mbebaji mzuri wa joto kuliko karibu kitu chochote kilichomo nyumbani. Lita mbili za maji ya nyuzi 60, zikitiwa ndani ya mfuko wa mpira wa dukani au chupa imara isiyovuja, zikafungwa kwa taulo na kuwekwa kitandani, hutoa zaidi ya kilojuli 200 hadi zifikie nyuzi 35, polepole, kwa saa kadhaa. Mmenyuko wenyewe umefanyika uani, gesi yake imechukuliwa na upepo. Hakikisha kizibo kimekaza, na usimwekee mtoto mchanga chupa hiyo mwilini, kwani ngozi yake huungua upesi. Mwekee kitandani mapema, kisha uitoe kabla ya kumlaza.

Kuna kundi moja ambalo ushauri huu haulitoshelezi, nalo ni wafugaji wa kuku. Vifaranga wa juma la kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, na mahali pasipo na umeme wa kutegemewa mfugaji huwawekea jiko, kisha hulala humo humo kuwalinda dhidi ya baridi, panya na wezi. Mfugaji huyo alale chumba kingine, hata kama ni lazima aamke mara tatu kwenda kuwaangalia. Banda liwe na matundu ya hewa juu, na jiko liwashwe nje hadi likolee ndipo liingizwe. Na akifungua mlango usiku akakuta vifaranga wengi wamelegea kwa pamoja, wengine wakihema midomo wazi, awaache kwanza. Arudi nje apumue, aache mlango wazi, alitoe jiko kwa pumzi moja, na kuwahesabu baadaye.